Sufuria Ndogo ya Mzee

Watu wa kwetu ukiwauliza hali watakwambia ni nzuri. Mtu kaletwa amebebwa, midomo imekauka, ukimsalimia anajibu, "Salama tu, sista," kisha anafumba macho. Nilipoanza kazi jambo hili lilinikera. Nilitaka mgonjwa aseme anaumwa, basi, tuendelee. Siku hizi salamu naipokea kwa heshima zake zote, halafu naanza kumpima kwa macho.

Mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake simgusi kwanza. Naangalia ubavu wake unavyopanda na kushuka akiwa bado usingizini, maana akishavuliwa nguo atalia, na pumzi za mtoto anayelia hazisomeki. Mchungaji wa ng'ombe kutoka Piyaya ambaye homa inamjia na kumwachia, na kila alikopita amepewa dawa ya malaria, namuuliza maziwa anayanywaje, yaliyochemshwa au yaliyotoka kwa ng'ombe sasa hivi, maana maziwa mabichi nayo yana homa yake. Dereva wa watalii anayejisifu kwamba hajawahi kuugua, lakini safari nzima wageni wanamsubiri garini amekwenda kuchimba dawa, huyo nampima sukari kabla hajamaliza majigambo. Wenzangu wananisema nina ulimi mkali. Ni kweli, ila macho yangu yana subira kuliko ulimi.

Ndivyo nilivyomwona mzee ninayetaka kusimulia habari zake hapa. Nilimwona kabla hajafika kwenye benchi la kituo chetu cha afya pale Karatu. Alikuwa Mwiraqw mrefu mwenye koti la suti la kijivu, mkulima wa maharage na mahindi kutoka kijiji cha juu kabisa, pale mashamba yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Kutoka getini hadi benchini si mbali, lakini alisimama njiani mara kadhaa, na kila aliposimama alijifanya kuna kitu anakitazama. Mara tangazo la chanjo ukutani, mara kuku wa mlinzi, mara mawingu. Alikuwa anapumzika na hakutaka mtu ajue. Viatu vyake vya matairi alikuwa amevifungua kamba zote, na miguu ilikuwa imefura hadi vidole vimebanana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko juu?"

"Nzuri sana," akasema, na kati ya "nzuri" na "sana" akavuta pumzi.

Haikuwa mara yake ya kwanza. Alikuwa na presha ya muda mrefu, na presha ikikaa sana ndani ya mtu bila kushughulikiwa, moyo unachoka. Ukichoka hausukumi maji ya mwili kama inavyotakiwa, yanabaki miguuni, yakizidi yanapanda hadi kwenye mapafu. Tulikuwa tumeshamlaza kwa tatizo hilohilo, tukampa dawa ya kutoa maji kwa njia ya mkojo, akapungua, akarudi kwake mwembamba na mwenye furaha. Baada ya muda akarudi kwetu amevimba. Tukamtoa maji tena. Akarudi tena.

Daktari wetu alikuwa kijana mwenye bidii, mtu mzuri, ila siku hiyo uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Huyu haambiliki, sista," aliniambia tukiwa pembeni. "Sisi tunatoa maji, yeye anakwenda kujijaza. Anakula chumvi, au dawa hamezi."

Neno hilo, haambiliki, silipendi. Linafunga mlango. Ukishasema mgonjwa haambiliki hutamuuliza tena kitu chochote, na yeye hatakueleza. Lakini sikubishana, kwa sababu miguu ya mzee ilikuwa inamuunga mkono daktari. Nilibonyeza juu ya mfupa wa mguu, nikatoa kidole, shimo likabaki palepale. Nilisikiliza mgongoni, nikasikia mapafu yakichakacha kwa chini. Tukamlaza.

Jioni ile mtoto wake wa kiume alikuja. Yeye ni dereva wa watalii anayeishi Arusha, na alikuwa anapita Karatu na wageni waliokwenda kulala loji. Alisimama kando ya kitanda na sare yake ya kampuni, ufunguo wa gari mkononi, macho yamechoka kwa barabara. Daktari alimweleza kila kitu. Kijana akasema ameshaamua.

"Baba nitamchukua Arusha, akae kwangu. Nitamsimamia mwenyewe, chakula na dawa. Mama atabaki na ng'ombe, hawawezi kuachwa."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa kupigiwa simu akiwa katikati ya mbuga kuambiwa baba hayupo. Nilimwelewa. Mzee naye alisikiliza, mikono imelala juu ya blanketi. Mwishowe wakakubaliana hivi: mzee ataruhusiwa kurudi nyumbani mara hii tu. Akija kliniki ijayo amevimba, atapanda gari la mwanawe moja kwa moja, na huko ndiko atakakokaa.

Kijana alipoondoka mzee aliniita.

"Sista, huko Arusha mtu akiamka asubuhi anatazama nini?"

Nilifikiri kwanza. "Ukuta wa jirani, mzee."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamwinua akae. Aliponitazama tena hakuwa anacheka. Aliniambia kwamba tangu amuoe mke wake hawajawahi kulala nyumba mbili tofauti, isipokuwa siku anazolazwa hapa kwetu. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya mvua. Nami nilimhurumia sana, tena nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Basi nikavuta kiti. Nikaamua nitamuuliza upya kila kitu, kama mgonjwa mgeni.

"Unalalia mito mingapi?"

"Mmoja."

Swali hilo lipo katika mafunzo yetu. Mtu mwenye maji kwenye mapafu hawezi kulala chali, anajiinua kwa mito, na idadi ya mito inakueleza hali yake. Kwa hiyo mto mmoja ni habari njema, na hivyo ndivyo ilivyokuwa imeandikwa kila alipokuja. Lakini huko juu nani ana mito ya kupanga?

"Na huo mto wako unauweka juu ya nini?"

"Juu ya gunia la maharage."

"Gunia liko kitandani?"

"Mwanangu, bila gunia nazama."

Nikacheka, na moyoni nikashtuka. Gunia zima la maharage, sisi tunaandika mto mmoja. Alikuwa hajatudanganya. Alijibu alichoulizwa.

Nikaendelea. Dawa anameza? Anameza, mke wake ndiye anayemkumbusha, na pakiti alizokuja nazo mfukoni zilikuwa zimetobolewa sawasawa kabisa na siku zilizopita. Pombe? Aliiacha zamani, kanisani wanamfahamu. Chumvi?

"Chumvi nimeiacha. Mlisema niiache. Mke wangu ananipikia mbali, nina sufuria yangu ndogo. Wajukuu na vibarua wanakula ya chumvi, mimi sili."

Waongo wa chumvi ninawafahamu. Wanaapa upesi sana, wanamtaja Mungu kabla hujamaliza swali. Huyu hakuapa. Alisema tu, akapiga miayo. Nilimwamini, na kumwamini kukanipa mzigo, maana kama dawa anameza na chumvi hali, basi maji haya yanatoka wapi?

Siku zilizofuata alipungua. Miguu ilianza kuonyesha mifupa, pumzi ikatulia, akaanza kunitania kwamba wauguzi wa siku hizi wanatembea kama wanafukuzwa na nyuki. Dawa alizokuwa anapewa wodini zilikuwa zilezile za nyumbani, kwa kipimo kilekile. Daktari alikuwa anataka kuongeza, akasema atafanya hivyo wakati wa kumruhusu. Nilimwomba asubiri kidogo. Sikuwa na sababu ya kumpa bado, nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi si kitu cha kumwekea daktari mezani.

Sababu aliileta mzee mwenyewe, kwa njia ya sahani ya maharage. Jiko la wodi linawapikia wagonjwa wa moyo bila chumvi, na mzee alikuwa amekula vijiko vichache akaisukuma sahani.

"Hiki chakula kimekufa," alisema.

"Si hakina chumvi, mzee? Kama cha nyumbani."

"Hapana. Cha nyumbani hakina chumvi lakini kinalika. Sijui anakitia nini yule mwanamke." Akatabasamu, na uso wake wote ukajaa majivuno. "Anajua kupika. Hata mama yangu alikiri, na mama yangu hakuwa mtu wa kukiri."

Nilichukua sahani nikaenda nayo, lakini maneno yale yakanifuata. Nilifunga vidonda, nikachoma sindano, nikabishana na mtu wa stoo, na bado yalikuwepo. Chakula hakina chumvi lakini kinalika. Ulimi wa mtu aliyezoea chumvi miaka yote haudanganyiki kirahisi hivyo. Kuna kitu kilikuwa kinakaa mahali pa chumvi.

Nikamwendea daktari. "Dawa ni ileile aliyokuwa anatumia kwake," nikamwambia. "Kwake amevimba, hapa amepungua. Kilichobadilika ni jiko tu. Tukimwongezea dawa tutakuwa tunakausha sakafu na bomba linamwaga."

Akapitia tena vipimo vya mzee. Yeye si mtu wa kushikilia neno kwa sababu tu amelisema.

"Basi tusiongeze," akasema. "Lakini nenda ukalione hilo jiko. Na usichelewe, sista. Akirudi amevimba maamuzi hayatakuwa yetu tena."

Kila baada ya muda gari letu hupanda vijiji vya juu kwa ajili ya chanjo za watoto. Zamu ilipofika nikaomba niwemo. Ilikuwa majira ya ukungu, ule wa Karatu unaokaa hadi saa nne asubuhi na kukulowesha nywele kama manyunyu. Watoto walipokwisha kuchanjwa niliwaacha wenzangu wakipanga vifaa, nikafuata njia ya miguu kati ya mashamba ya maharage yaliyong'olewa na kurundikwa yakauke.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, ungo magotini, anachambua maharage. Ukungu ulikuwa umeondoka na msitu wote ulikuwa mbele yake, kijani hadi juu kwenye ukingo wa kreta. Hicho ndicho alichokuwa anatazama kila asubuhi. Niliangalia miguu yake kabla ya uso, nikaona vifundo vimeanza tena kupotea. Siku chache tu nyumbani, tayari.

Mke wake alitoka akipangusa mikono kwenye kanga. Mwanamke mfupi, mwepesi, meno machache na macho makali. Alinishika mikono yote miwili.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, "na leo mgeni mwenyewe ni nesi, tutapona mara mbili. Karibu ndani, nimeinjika makande."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pita, pita, usiogope moshi."

Niliingia. Mzee alibaki nje, kwa sababu mwanamume wa umri wake haingii jikoni, lakini mlango ulikuwa wazi na alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, tunasikia maharage yakidondoka kwenye ungo. Meko yalikuwa mawili. Kwenye moja kulikuwa na sufuria kubwa, nyeusi kwa masizi, inatokota. Kwenye lingine kulikuwa na sufuria ndogo, imesuguliwa hadi inang'aa, mfuniko wake unacheza.

"Hiyo ni yake," bibi alisema, na alisema kwa fahari. "Chumvi haijaigusa. Hata mwiko wake ni mbali. Wajukuu wakiugusa nawachapa."

Nilimsifu, na sikumsifu kwa adabu tu. Nimeona nyumba nyingi ambamo mgonjwa akikatazwa chumvi anaambiwa ale hivyohivyo au alale njaa. Huyu alikuwa anapika mara mbili kila mlo, kuni mara mbili, moshi mara mbili, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi huo.

Kisha akafikia rafu, akashusha kopo la zamani la maziwa ya unga. Akatoa bonge la rangi ya kijivu, akaliponda kwa jiwe dogo, akachota unga wake kwa kiganja. Nilijua ni nini kabla hajafunua mfuniko wa sufuria. Yalikuwa magadi. Yanatoka Natron, upande wa Engaresero, mengine Eyasi, na kila mnada wa Karatu utawakuta akina mama wameyapanga mafungu kwenye mifuko. Mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kuwa vibarua wa mashamba ya kahawa huku, na mama yangu hakuwahi kupika mlenda bila magadi. Harufu ya jikoni mle ilikuwa ya nyumbani kwetu. Yanalainisha maharage, yanaokoa kuni, yanatuliza tumbo. Kwetu magadi hayahesabiwi kuwa chakula, sawa na moshi tu, na sijawahi kusikia mtu yeyote katika kazi yetu akimuuliza mgonjwa habari zake.

Bibi akanyunyiza. Nikangoja aache. Akachota tena.

"Bibi, huwa unatia yote hayo?"

"Kwenye ile kubwa natia kidogo, ya kulainisha tu. Kwenye hii yake naongeza." Akaniinamia, akashusha sauti kidogo. "Nilimwonea huruma, mjukuu wangu. Siku za mwanzo alikuwa anaangalia sahani kama anaangalia msiba. Anakula, halalamiki, lakini anakonda. Mtu kalima maisha yake yote, leo ale chakula cha mfu? Nikajaribu magadi. Nikaongeza kidogo, nikaongeza tena. Akaanza kumaliza sahani. Sikumwambia. Anadhani ni mkono wangu tu."

Alikuwa anacheka. Kwa upande wa kazi nilikuwa nimepata nilichofuata. Kile kinachovuta maji kwenye chumvi ndicho kilichomo kwenye magadi. Mwili haujui kwamba hili limetoka dukani na lile limetoka ziwani. Mzee alikuwa ametii, mkewe alikuwa ametii, dawa ilikuwa inafanya kazi yake, na kila mlo ulikuwa unairudisha nyuma kwa mikono ya mtu anayempenda kuliko watu wote. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako ilinijia kichwani, nikaifukuza kwa hasira. Haikuwa na haki ya kuingia jikoni mle.

Lakini ningesemaje? Uamuzi wa dawa nimezoea. Kuamua nani apelekwe hospitali kubwa sasa hivi na nani anaweza kungoja asubuhi, nimezoea. Huu ulikuwa mgumu kuliko hayo. Nisiposema, mzee atavimba, atabebwa Arusha, na huenda huko akapona kweli kwa sababu hakuna magadi, na wote wataamini kwamba nyumbani kwake ndiko kulikokuwa kunamuua. Nikisema, huyu mwanamke atajua leo, mwiko mkononi, ni nani aliyekuwa anamrudisha mumewe wodini. Nilifikiri nimwite pembeni. Nilifikiri niseme magadi ya siku hizi si mazuri, nimtupie lawama muuzaji. Ningeweza. Lakini uongo wa namna hiyo hauishi. Kesho angenunua kwa muuzaji mwingine.

Nikakaa kwenye kigoda karibu naye, nikaongea taratibu.

"Bibi, chumvi na magadi ni ndugu. Baba mmoja, mama mbali. Sura tofauti, tabia moja. Hata sisi hospitali tulitaja mmoja tukamsahau mwenzake. Hatukuwaambia mwache magadi."

Mkono wake ulisimama juu ya sufuria. Nje, maharage yaliacha kudondoka.

"Magadi yanaleta maji?"

"Yanazuia maji yasitoke, bibi. Yakizidi."

Aliangalia kopo, akaangalia sufuria inayong'aa. Alikuwa mwanamke mwerevu, hakuhitaji nimalizie. Nilimwona akirudi nyuma mwenyewe, mlo kwa mlo, hadi mara ya kwanza alipochota.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Mara zote hizo. Ni mimi niliyekuwa nam..."

"Ni mimi niliyemwambia aongeze."

Sauti ilitoka mlangoni. Mzee alikuwa ameinuka, ungo bado mkononi, amesimama palepale kizingitini ambapo wanaume wa umri wake hukomea. Alikuwa anahema kwa kule kuinuka haraka.

"Nilimwambia mimi," akarudia, akinitazama mimi na si mkewe. "Chakula kilikuwa kinanishinda. Nikamwambia, mama, tia magadi, tena tia ya kutosha. Alikataa, mimi nikamlazimisha. Daktari kama anataka kugomba, aniite mimi."

Huyu ndiye aliyeniambia wodini kwamba hajui mwanamke yule anatia nini. Nilimkumbuka alivyotabasamu. Bibi naye alikuwa ametoka kuniambia, kwa sauti ya chini, kwamba hakumwambia. Tulikuwa watatu, kila mmoja anajua, na hakuna aliyefungua mdomo. Moshi ulinipa kisingizio cha kufuta macho.

"Basi, mzee," nikasema, "nimekusikia. Mkosaji ni wewe. Nitakugombeza nikimaliza kula."

"Gombeza," alisema, akarudi kukaa.

Bibi alimwambia kitu kwa Kiiraqw, kifupi, bila kugeuka. Mimi Kiiraqw nakisikia cha sokoni tu, hicho sikukipata. Maharage yakaanza tena kudondoka kwenye ungo.

Tulikaa mle jikoni hadi wenzangu wa gari wakaanza kunipigia simu. Nilimwonyesha bibi kwamba maharage yakilowekwa usiku mzima na maji yake yakamwagwa, yanaiva bila kulainishwa. Nilimwambia atie vitunguu vingi, vile vyekundu vya Mang'ola, na nyanya, na ndimu wakati wa kupakua. Alikuwa ananisikiliza kama mwanafunzi anayejua kwamba mtihani ni kesho. Nilipoaga alinipa maharage kwenye mfuko, nikakataa, akaniambia nisimtukane, nikapokea.

Siku ya kliniki nilifika kazini mapema, na siwezi kusema kwamba nilikuwa na utulivu. Gari la mtoto wao lilikuwa limeshaegeshwa nje, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na begi la safari. Alikuwa amejiandaa kumchukua.

Mzee alikuja kutoka getini na koti lake la kijivu, mkewe nyuma yake. Nilitoka nje nikasimama. Alipita tangazo la chanjo, hakulitazama. Alipita kuku wa mlinzi. Mawingu yalikuwepo, hakuyajali. Alifika benchini moja kwa moja, na kamba za viatu vyake zilikuwa zimefungwa.

"Shikamoo, mzee. Habari za huko juu?"

"Nzuri sana," akasema, kwa pumzi moja.

Daktari alimpima mwenyewe, akabonyeza mguu, shimo halikubaki. Alisikiliza mgongo kwa muda mrefu. Kisha akamwita yule kijana, akamweleza habari ya magadi kwa maneno mazuri, akasema wazi kwamba mzee hakuwa mkaidi hata kidogo, ni sisi tulioacha kuuliza. Tangu siku hiyo simsikii tena akisema haambiliki, na kila mgonjwa wa presha anayeingia chumbani kwake anaulizwa habari za magadi hata kama anatoka Dar. Kijana alifuta uso kwa kiganja. Alitoka nje akalichukua begi kwenye kiti cha nyuma, akalitia kwenye buti, akasema atawarudisha wazazi wote wawili nyumbani kabla hajaenda kupokea wageni.

Wakati mzee anapanda kwenye mizani, bibi alikaa kando yangu kwenye benchi. Alikuwa amekonda kidogo yeye.

"Sasa tuna sufuria moja," aliniambia. "Wote tunakula yake. Wajukuu wananuna. Ile ndogo nachemshia maziwa."

"Na wewe bibi, unakionaje chakula?"

"Kibaya sana," akasema, tukacheka wote wawili.

Alimtazama mumewe pale kwenye mizani, amejinyoosha kama mwanajeshi, kofia mkononi ili isiongeze uzito.

"Hakuwahi kuniambia niongeze," alisema polepole. "Miaka yote niliyompikia, hajawahi hata mara moja kuniambia chakula kina upungufu."

"Najua, bibi."

Mzee alishuka kwenye mizani, akaja kwetu akivaa kofia.

"Mnasema nini nyinyi wawili?"

"Mambo ya jikoni," bibi alimjibu. "Hayakuhusu." Na akainama kumkaza kamba ya kiatu kimoja iliyokuwa imelegea.